Natafuta filamu ya ninja yenye simu ya paka

MtotoWaMajengo

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wote. Nina swali, na itanibidi nilieleze kwa urefu kwa sababu jina la kitu ninachokitafuta silijui. Nina vipande tu.

Kuna filamu ya ninja niliyoiona Majengo, hapa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kibanda cha video kilichokuwa nyuma ya karakana ya fundi makochi. Kiingilio shilingi 5. Watoto wadogo waliruhusiwa wawili kwa tano moja, mmoja ampakate mwenzake, na mimi ndiye nilikuwa wa kupakatwa na kakangu. Ndani mabenchi, waliokosa benchi chini kwenye mkeka, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mchele, televisheni iko juu ndani ya sanduku la mbao lenye mlango wa kufuli. Harufu ya gundi na sponji kutoka kwa fundi inakutana na jasho letu na pilipili ya mihogo.

Ninachokumbuka ni hiki. Mzungu mwenye masharubu ana simu ya rangi ya machungwa, umbo la paka mnene. Akiinua mkono wa simu, macho ya paka yanafumbuka. Upande wa pili wa simu kuna kijana Mchina mkali wa mateke. Kuna sanamu ya dhahabu iliyogawanywa vipande vitatu, na ninja akiwa nayo upanga haumkati. Vijiroboti vya kuchezea watoto vinaingia chumbani vyenyewe vikileta ujumbe wa vitisho. Adui mkubwa ana nywele za dhahabu lakini uso wake si wa kizungu.

Na kubwa zaidi: yule mzungu na yule Mchina ni ndugu wa kunyonya. Mama mmoja aliwanyonyesha wote wawili wakati wa vita, kisha wakapotezana bandarini, mmoja akachukuliwa na meli. Walipokuja kujuana walikuwa watu wazima, na kiapo kikawazuia kuonana uso kwa uso mpaka sanamu itimie vipande vyake vyote. Ndiyo maana wanasaidiana kwa simu tu. Hapo ndipo nilipolia, na kakangu akanifuta machozi kwa ukingo wa kanzu yake kabla wenzetu hawajaona.

Kakangu yuko Doha miaka mingi sasa, anakuja Idd hii inshallah. Nataka nimwekee filamu hii tuitazame pamoja. Nimetafuta kwa maneno yote ninayoyajua, naletewa ninja wa kila aina ila huyu.

Na swali la pili, kwa wenye fikra. Kwa nini filamu hizi za bei rahisi zimetukaa hivi? Nimeona picha za mamilioni ya dola, zimepigwa vizuri, sauti inakuzunguka mpaka kisogoni, na wiki ikipita siwezi kukwambia adui alikuwa akitaka nini. Lakini ya vijiroboti naweza kukuhadithia usiku mzima. Siamini kwamba ni utoto tu. Kuna kitu zile filamu zilikuwa nacho, na mimi nataka kukijua.

---

SinemaKale

Waaleikum salaam kaka. Simu ya paka, pamoja na vijiroboti, pamoja na sanamu ya vipande vitatu: hiyo ni Ninja Terminator, ya mwaka 1985. Haina shaka. Paka mwenyewe ni Garfield, yule wa vibonzo vya Marekani. Ukiandika jina hilo YouTube utaipata nzima, tena nakala zaidi ya moja.

Sasa ngoja nikueleze ilivyotengenezwa, maana nadhani hapo utapata nusu ya jibu la swali lako la pili.

Mwaka 1981 kampuni ya Cannon, iliyokuwa ya binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, ilitoa filamu ya ninja iliyopigwa Ufilipino, na dunia nzima ikashikwa na wazimu wa ninja. Kila mwenye kamera akataka ninja wake. Huko Hong Kong kulikuwa na kampuni ikiitwa IFD, ya Joseph Lai, na mwongozaji wao akiitwa Godfrey Ho. Hawa walipata njia ya mkato. Walinunua filamu za Kiasia zilizokwisha kutengenezwa, za Korea, Taiwan, Thailand, kwa bei ya chini. Kisha wakawapiga wazungu wachache vipande vya dakika chache, wamevaa nguo za ninja, kichwani kitambaa kimeandikwa NINJA ili usije ukakosea. Wakakata huku, wakakata kule, wakaunga. Juu ya yote wakatia sauti mpya za Kiingereza zenye kisa kipya. Muziki nao waliokota popote walipoupenda, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa hiyo hiyo yako ni filamu mbili ndani ya moja. Mzungu mwenye masharubu ni Richard Harrison, Mmarekani aliyecheza filamu nyingi Italia miaka ya 1960, za mashujaa wa kale na za kauboi. Yule kijana wa mateke yumo katika filamu ya Kikorea iliyonunuliwa. Hawakuwahi kukutana. Simu ya paka ndiyo uzi ulioshona filamu mbili: mzungu anaongea chumbani kwake, wanakata, kijana anasikiliza chumbani kwake. Itazame tena uone, hakuna hata mara moja wako ndani ya chumba kimoja.

Harrison mwenyewe aliwahi kueleza katika mahojiano kwamba alikubali filamu chache tu, kisha vipande vyake vikasambazwa katika filamu nyingi asizozijua.

Na yule adui wa nywele za dhahabu ni wigi. Ndani ya wigi ni Hwang Jang-lee, mmoja wa watu wenye mateke makali kabisa waliowahi kusimama mbele ya kamera. Ndiye aliyepambana na Jackie Chan mwisho wa Drunken Master mwaka 1978. Kwa hiyo ulipokuwa Majengo umekaa mapajani mwa kakako, ulikuwa ukimtazama bingwa halisi. Mapigano yake hayana hila ya kamera. Kamera inakaa mbali, mwili mzima unaonekana toka kichwa mpaka vidole vya miguu, teke linakwenda hewani mara tatu kabla mguu haujagusa chini. Pesa za kuficha kitu hawakuwa nazo, na Hwang hakuwa na cha kufichwa.

Ila hiyo habari ya kunyonya ziwa moja sijapata kuiona wala kuisikia.

---

MkaaFeri

Na mimi natafuta ya mwalimu kipofu anayepigana na kengele zimening'inizwa chumbani. Ilikuwa ikiletwa Likoni, karibu na Ujamaa. Mwenye kujua aniambie.

---

MtotoWaMajengo

SinemaKale, Mungu akulipe. Nimeipata na nimeitazama jana usiku baada ya watu wa nyumbani kulala. Ni yenyewe. Paka yumo, vijiroboti vimo, na nilipoona kile cha kwanza kikiingia na moshi wake nilisimama wima sebuleni.

Na umesema kweli kuhusu mateke. Kuna pahali Hwang anasimama kwa mguu mmoja na ule mwingine unafanya kazi peke yake, juu, katikati, juu, mwili hautikisiki. Sisi Majengo tulijaribu hilo teke kwenye mchanga mpaka tukavunjana meno. Nanchaku tulitengeneza kwa mti wa ufagio na mnyororo wa mbwa. Hakuna aliyetuambia kwamba yule mtu alikuwa bingwa, lakini tulijua. Mtoto anajua mwili unaosema kweli.

Lakini ndugu wa kunyonya hawamo. Nimeirudia sehemu zote za simu. Mzungu anampigia kijana anamwambia fanya hivi, tafuta kile, basi. Hakuna mama, hakuna vita, hakuna bandari wala kiapo. Wallahi nimekaa na kitu hiki kifuani. Nimempigia kakangu Doha usiku ule ule. Nilipomwuliza tu, "Unaikumbuka ya simu ya paka?", akajibu kabla sijamaliza: "Ile ya ndugu wa kunyonya?" Kwa hiyo si mimi peke yangu. Sote wawili tuliiona filamu isiyokuwemo ndani ya filamu.

Nani alituambia?

---

FundiDeki

MtotoWaMajengo, mimi najua nani aliwaambia, maana nilikuwa nimekaa naye ubavu kwa ubavu. Kile kibanda nyuma ya karakana ya makochi, deki nilikuwa nikiiendesha mimi. Nimesoma maneno yako ya magunia ya mchele na sanduku la kufuli nikamwita mke wangu aje asome.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa, kwa sababu watu wanakumbuka ninja lakini kazi yenyewe hawaijui.

Kanda zilikuja na njia nyingi. Nyingine zilitoka kwa mabaharia, nyingine kwa watu waliokwenda Dubai, nyingine tuliazimana vibanda kwa vibanda, Kisauni kwenda Changamwe, na mtoto wa baiskeli ndiye msafirishaji. Zilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Kanda ya E-180 hubeba saa 3. Ukirekodi kwa mwendo wa nusu inabeba saa 6, kwa hiyo watu walijaza filamu nne ndani ya kanda moja, na picha ikalipa gharama. Na zile zilizotoka Marekani zilikuwa za mfumo mwingine, ukiitia kwenye deki yetu picha inakuja haina rangi. Ile yenu ilikuja hivyo mara ya kwanza. Ninja wote walikuwa wa kijivu.

Jina? Karatasi ya jina ilishabanduka zamani. Ubaoni niliandika kwa chaki SIMU PAKA na watu walijua. Chini yake KIHINDI, kwa sababu usiku haukukamilika bila Kihindi. Ijumaa tulifunga mpaka watu watoke msikitini, na Ramadhani tulianza baada ya tarawehe. Picha ikianza chenga nasimamisha, nafungua deki, nasafisha kichwa kwa kipande cha karatasi nyeupe kilicholowa spiriti, polepole, huku watu wakinipigia kelele gizani. Ukisugua kwa nguvu umekiua kichwa, na kichwa kipya kilikuwa bei ya kukufungia biashara. Leseni nayo ilikuwa kichwa kingine cha maumivu. Sheria ya filamu, Cap 222, ilitaka leseni hata kwa kibanda cha gunia, kwa hiyo kila gari likisimama nje tulipunguza sauti.

Sasa nije kwa swali lako. Aliyewaambia ni Ami. Sitamtaja jina hapa mpaka nimwombe idhini, lakini wa Majengo mtamjua: mwembamba, kofia ya vito, sauti nzito. Alikuwa baharia, akarudi na mguu mbovu, akawa anakaa kwangu kwa kupiga gumzo. Mwanzoni alikuwa akiwaeleza waliokaa karibu naye tu. Halafu waliokaa mbali wakaanza kulalamika kwamba hawamsikii. Nikanunua kipaza sauti cha mkono, nikakiunganisha kwenye spika ya pili. Tangu siku hiyo nilikuwa najaza.

Ami hakuwa akitafsiri. Watu wanakosea wakidhani alikuwa mfasiri. Kanda mpya ikija, mchana kibanda kikiwa kitupu anaitazama peke yake, sauti nimezima. Ananiambia rudisha nyuma, simamisha, huyu anamtazama nani? Anazichungua nyuso. Kisha ndiyo anatunga. Hiyo ya simu ya paka ilimsumbua, kwa sababu aliona mapema alichokueleza SinemaKale: hawa watu hawaonani kamwe. Hakujua mambo ya Hong Kong wala kampuni gani. Aliona kwa macho yake tu. Akaniambia, "Mtu hamwombi mtu baki roho yake kwa simu. Lazima pana damu, na damu hawa hawana, mmoja mweupe mmoja Mchina. Basi pana ziwa." Na kiapo akakitia ili watu wasiulize mbona hawakutani.

Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, watu si wanataka mateke tu. Akasema watu wametoa tano zao, hawawezi kurudishwa nyumbani na visa viwili nusu nusu.

Machozi yako yalikuwa halali yako. Nilikuwa nawasikia watu wakivuta makamasi gizani, watu wazima, makuli wa bandarini waliotoka zamu ya mchana.

---

BintiKibokoni

Kaka zangu, niruhusuni nami. Mimi simu ya paka naijua vizuri kuliko nyote na sijawahi kuiona mpaka leo mchana nilipoifungua YouTube.

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa imepakana na kibanda kile, ukuta kwa ukuta. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuingia, hata kupita mlangoni tuliambiwa tushike njia ya upande wa pili. Na niseme wazi, wazazi hawakukosea yote. Kulikuwa na moshi mle usiokuwa wa sigara, na kuna wavulana waliaga wanakwenda chuoni kwa maalim na msahafu wao ukalala chini ya benchi la video. Mamangu mdogo alimfuata mwanawe mle ndani na mwiko wa ugali.

Lakini ukuta haukuwa na uwezo wa kuzuia sauti ya Ami. Tulipanga mto na shuka uani, mimi na binamu zangu, tukasikiliza. "Mwangalieni huyu, mwangalieni, anadhani yuko peke yake!" Na sisi hatuna cha kuangalia ila mwembe wa bibi. Tuliwavisha wenyewe nguo, tukawapa sura. Ninja wangu mimi alikuwa na kilemba. Nilijua mlio wa upanga uliokata na mlio wa upanga uliokosa. Mama aliyenyonyesha watoto wawili wa taifa mbalimbali, mimi nilimjua uso wake, alifanana na jirani yetu mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua.

Leo nimeona filamu yenyewe. Nimempenda yule wa wigi. Lakini yule mama ndiye staringi wa filamu kwangu, na hayumo, na sikubali kwamba hayumo.

---

KijanaWaTudor

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma yote na nimefurahi, lakini acheni nipinge kidogo.

Nilijaribu kuiona hiyo Ninja Terminator kwa ajili ya huu uzi. Sikufika nusu. Nadhani mnachokipenda ni kibanda, na kakako, MtotoWaMajengo, na sauti ya huyo mzee Ami. Filamu yenyewe mngeiona leo kwa mara ya kwanza mngeizima kama mimi.

Na msiseme ni kwa sababu mimi ni wa kizazi cha simu. Mimi napenda filamu za bei ya chini. Napenda sana za Wakaliwood, za Isaac Nabwana, pale Wakaliga, Kampala. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa pesa zisizozidi dola 200 kwa maelezo yao, bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu, helikopta imetengenezwa kwenye kompyuta aliyoiunda mwenyewe. Hiyo naicheka, naishangilia, na nimeirudia. Sina utoto wowote wa Wakaliga. Kwa hiyo kama ubora upo, unaonekana hata kwa mgeni.

---

MtotoWaMajengo

Marahaba mwanangu, na karibu. Umepinga kwa adabu na umenipa nafasi ya kusema ninachokitafuta tangu mwanzo.

Hebu iangalie tena hiyo filamu yako ya Wakaliga. Katikati ya filamu kuna sauti ya mtu inayoongea juu ya picha, inatania, inashangilia, inakwambia jitayarishe kinakuja kitu. Huyo ni VJ Emmie, yaani Emmie msimulizi wa video. Uganda wana desturi hiyo tangu zamani ya vibanda vyao, mtu anasimama anaisema filamu kwa Kiganda. Nabwana akaichukua sauti ya kibandani akaitia ndani ya filamu yenyewe. Na nimesoma kwamba alipokuwa mtoto hakuwa akienda sinema, ni kakake aliyekuwa akienda, akirudi anamhadithia. Alikulia kwenye filamu za kusikia, sawa na dada yetu BintiKibokoni. Kwa hiyo wewe pia umeipenda filamu yenye Ami. Tofauti ni kwamba Ami wako hawezi kutoka, na Ami wetu aliondoka na spika yake.

Hapo ndipo fikra yangu ilipofika baada ya kusoma maneno ya FundiDeki. Filamu ya pesa nyingi inakuja imekamilika. Kila swali limejibiwa, kila ukuta umepakwa rangi, sauti ya jani likianguka imetiwa. Mimi nakaa tu napokea. Zile za kina Godfrey Ho zilikuja na matundu makubwa, watu wawili wasiokutana, kisa kisichoshikana, hata rangi hazimo. Na Majengo palikuwa na watu wa kuyaziba. Ami alitia mama. BintiKibokoni alitia uso wa mama. Sisi tulitia kelele, tulimwonya staringi ageuke, na aligeuka. Watu wa Hong Kong walitaka kuuza haraka, hilo silikatai. Lakini kazi yao ilipofika kwetu haikuwa imekwisha, na tuliimaliza kwa moyo wote.

Na mwili, mwanangu. Usiusahau mwili. Usitazame kisa, nenda moja kwa moja kwenye mapigano ya yule wa wigi, zima sauti, uangalie miguu yake. Ukirudi hapa uniambie kama ulikuwa utoto wangu tu.

FundiDeki, umesema "mpaka nimwombe idhini". Ina maana Ami yu hai?

---

FundiDeki

Yu hai, alhamdulillahi. Yuko Kisauni kwa bintiye. Mguu umezidi, sauti iko vile vile. Baada ya alasiri hukaa barazani na kahawa yake, na bado anawasimulia watu mechi ya jana kwa namna ambayo aliyeiona mechi anajiona hakuiona.

---

KijanaWaTudor

Nimeangalia mateke sauti nimezima, kama ulivyoniambia. Nimeyaangalia tena. Hayo nakubali. Kisa bado sikikubali, nisamehe.

---

MtotoWaMajengo

Hiyo inatosha kwangu.

FundiDeki, nisaidie. Kakangu anafika siku mbili kabla ya Idd. Nina ua mkubwa, nina ukuta mweupe, na nimeazima projekta kwa jamaa anayepiga picha za harusi. Spika ninazo. Mwambie Ami namwomba kwa heshima zote aje atusomee simu ya paka. Gari nitampelekea mlangoni na nitamrudisha mwenyewe. Na si bure, alitumikia tano zetu, sasa zamu yetu.

BintiKibokoni, wewe na binamu zako mnakuja. Mtakaa mbele.

---

BintiKibokoni

Tunakuja, na mihogo ya pilipili ni juu yetu. Nawaleta na binti zangu. Tafadhali Ami asimwondoe yule mama.

---

FundiDeki

Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimsomea uzi wote, akanisimamisha pahali pa Hong Kong nimrudie. Kumbe ni filamu mbili, akasema, basi macho yangu hayakunidanganya.

Amekubali, kwa masharti. La kwanza, apelekewe filamu mapema aitazame mchana peke yake, sauti imezimwa, kwa sababu safari hii atakuwa anaitungia kisa ikiwa na rangi zake na huenda pana mambo ya kubadilisha. La pili, kipaza sauti kiwe cha mkono, hataki cha kubana shatini. La tatu, anataka kujua kijana wa Tudor atakuwepo, maana amesikia hakubali kisa, na anasema huyo amkalishe karibu.

Kuhusu mama, anasema hamwondoi. Ila kuna jambo la mama huyo ambalo watu wa Majengo hawakuwahi kuambiwa, kwa sababu usiku ule umeme ulipotea kabla hajafika hapo.

MkaaFeri, ya mwalimu kipofu nimemwuliza pia. Anaikumbuka. Anasema hakuwa kipofu.